Feruzi bin Nani?

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa watoto, darasani na katika vikao vya wazee, na aghalabu hutajwa ili kumsuta kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa amesahau kuamkia watu. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao hausemwi. Yupo mtu ambaye hakuiacha asili yake, bali aliporwa. Hakuwa mtumwa kwa kuwa ameacha kwao. Aliacha kwao kwa kuwa amefanywa mtumwa. Wajukuu wa mtu wa namna hiyo waitafute asili yao wapi? Swali hili limenishughulisha kwa miaka mingi, na lililoniingiza humo ni jina moja tu, Feruzi, ambalo ndilo jina la ukoo wetu.

Kwetu ni Pangani, mji mkongwe ulio mahali mto unapoingia baharini. Nilipokuwa nakua, habari za asili yetu zilikuwa fupi na hazikuwa na mjadala. Sisi ni Washirazi. Babu yetu mkuu alitoka Uajemi, au kama si yeye basi baba yake, akaja na jahazi, akaoa, akazaa, akafa, akazikwa Pangani. Ushahidi ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni jina lenyewe, kwa maana Feruzi ni neno la Kiajemi, na hilo hata mtoto wa chuoni aliweza kukuthibitishia. Wa pili ulisikika kila tulipokutana kwa hitima. Maalimu alipowataja marehemu wetu mmoja mmoja, akishafika juu kabisa alisema: Feruzi bin Abdallah. Basi tukajua kwamba Feruzi alikuwa na baba, na huyo baba alikuwa Mwislamu mwenye jina zuri. Nani angetaka zaidi ya hapo?

Kabla sijaendelea, ni vyema nimweleze msomaji jinsi majina ya pwani yanavyokwenda, kwani wengi siku hizi hudhani kwamba jina la ukoo ni kitu kilichoteremka kutoka juu pamoja na ukoo wenyewe. Sivyo. Mtu wa pwani zamani alikuwa na jina lake, kisha la baba yake, na kama haja ipo, la babu yake. Mwanawe naye alikuwa na lake, la baba, na la babu. Kila kizazi kilipoongezeka upande wa chini, jina moja lilidondoka upande wa juu, kama ngazi inayopanda. Hapakuwa na jina lililokaa mahali pamoja karne nzima.

Kilichosimamisha ngazi hiyo ni kalamu. Baba yangu alipopelekwa shule katika miaka ya 1930, mwalimu aliyekuwa akiandikisha watoto alimwuliza jina lake, la baba yake na la babu yake. La babu lilikuwa Feruzi. Mwalimu akaliandika mwisho, na tangu siku ile likawa ndilo la ukoo. Sisi watoto tukalibeba, na watoto wetu wakalibeba, mpaka limeingia katika vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja na vitambulisho vya taifa. Ami yangu hakusoma shule. Wanawe ndio waliosoma, na walipoandikishwa, jina la tatu lililotajwa lilikuwa la babu yao, ambaye ni mtoto wa Feruzi. Kwa hiyo leo watoto wa ami yangu wana jina jingine la ukoo, nasi ni damu moja, makaburi yetu ni yale yale. Mtu asiyejua atadhani sisi ni koo mbili. Tofauti yetu ni daftari la shule tu.

Jambo hilo lilinifungua macho. Nikaanza kujiuliza, ikiwa jina la ukoo limekuwa la ukoo kwa sababu ya mwalimu mmoja na swali lake, je, kabla ya hapo lilikuwa jina la namna gani? Nani alimpa Feruzi jina la Feruzi?

Feruzi ni jiwe la thamani, lenye rangi iliyo kati ya buluu na kijani, ambalo Waajemi wamelichimba tangu zamani za kale. Nilipoanza kusoma habari za pwani yetu katika karne ya 19, nikakutana nalo mara kwa mara, na nilikokutana nalo siko nilikotazamia. Sikulikuta miongoni mwa masheikh na matajiri. Nililikuta katika orodha za wapagazi na askari wa misafara ya bara, pamoja na akina Mabruki, Baraka, Faraji, Almasi na Marijani. Hawa aghalabu walikuwa watumwa, au watu waliowahi kuwa watumwa. Aliyenunua mtu alimpa jina jipya, na jina hilo mara nyingi lilikuwa la kito, la manukato, au la heri na baraka. Jina la mali nzuri kwa mtu aliyehesabiwa kuwa mali.

Na desturi hiyo haikuanzia kwetu. Katika nchi za Kiislamu ilikuwapo kwa karne nyingi. Misri ilitawaliwa katika karne ya 10 na mtu mweusi aliyeingia nchi hiyo akiwa mtumwa, na jina lake lilikuwa Kafuri, yaani ile kafuri nyeupe tunayowawekea maiti. Mwanajiografia mkubwa Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229 baada ya kuandika kamusi kubwa ya nchi na miji, alikuwa mtoto wa Kiyunani aliyeuzwa Baghdad. Yaqut ni yakuti. Huko India, Malik Ambar, aliyefariki mwaka 1626, alizaliwa Uhabeshi, akauzwa mara kadhaa, akaishia kuwa waziri na jemadari aliyewasumbua wafalme wa Moghul. Ambar ni ambari. Hapa kwetu tunaye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru na kuwaongoza akina Burton, Speke, Stanley na Cameron katika safari zao za bara. Watu wanamjua kwa baraka ya jina la kwanza na kwa mji wa jina la mwisho. Jina alilopewa na wazazi wake Wayao halimo katika vitabu.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila anayeitwa Feruzi au Almasi amechimbuliwa siri. Majina hayana utii huo. Feruzi lilikuwa pia jina la wafalme. Yuko Firuz Shah aliyetawala Delhi kuanzia mwaka 1351 hadi 1388. Kwa upande mwingine, mwandishi wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtoro ni mtumwa aliyetoroka, lakini Mwinyi ni jina la waungwana. Na Unguja wako watu wengi wazuri wanaoitwa Mtumwa, wala hakuna anayewacheka. Jina ni dalili tu. Dalili ikionekana mbinguni ni lazima mtu aendelee kutazama, asiseme mvua imekwisha kunyesha.

Nilimwendea sheikh mmoja wa Tanga, mtu msomi na mpole, nikamweleza kwamba natafuta habari za Abdallah, baba yake Feruzi. Aliniuliza kama kuna kaburi lake. Nikasema hatulijui. Akauliza kama Abdallah huyo ana ndugu, au mtoto mwingine yeyote asiyekuwa Feruzi. Nikasema hatujasikia. Akatabasamu kwa huruma, akanieleza kwamba tangu zamani mtu aliyesilimu, au mtumwa ambaye baba yake si Mwislamu wala hajulikani, aliweza kuandikwa bin Abdallah, kwa maana kila binadamu ni mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu. Katika madaftari ya dola ya Waturuki wako maelfu ya watu wa namna hiyo, wote wana wa Abdallah, na hakuna Abdallah hata mmoja.

"Huyo usimtafute, mwanangu," akaniambia. "Huyo hana kaburi."

Hivyo ndivyo babu yetu wa Shirazi alivyoondoka. Sisemi kwamba habari za Washirazi ni za uongo. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita katika miji ya pwani, kama vile Manda, Mtwapa na Kilwa, wakaonyesha kwamba wengi wao walichanganya damu ya wanawake wa Kiafrika na ya wanaume waliotoka Asia, hasa Uajemi. Basi wapo waliostahili kusema hivyo. Lakini jambo kuwa kweli kwa pwani si lazima liwe kweli kwa nyumba yetu.

Aliyekuwa akiijua kweli ya nyumba yetu alikuwa ndani ya nyumba yetu. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na kasha la mbao lililokuwa la mama yake, na ndani ya kasha hilo, chini ya kanga za zamani, palikuwa na bahasha. Nilimsimulia maneno ya sheikh. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaamuru mjukuu wake amletee kasha. Akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri na maandishi ya Kijerumani. Yeye aliiita karatasi ya Mdachi.

Baadaye nilipata mtu aliyesoma Ujerumani, akanifasiria. Ilikuwa hati ya uhuru. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, na waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, au akombolewe na mwingine. Waliotoka katika utumwa kwa njia hizo walipewa hati, na hati hizo zilifika makumi ya maelfu. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Hati yetu ilisema: Feruzi, mwanamume, umri kama miaka arobaini, Mnyasa, amejikomboa. Jina la baba halikuwapo.

Hata hilo neno Mnyasa si kabila. Ni jina walilopewa na watu wa pwani wote waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, wawe Wayao, Wamang'anja au wengine. Walipitishwa Kilwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, wafanyabiashara waligeuza njia. Wakawatembeza mateka kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka Pangani, penye mashamba makubwa ya miwa na penye kivuko cha siri cha kwenda Pemba kwenye mikarafuu. Nikihesabu umri wa kwenye hati, babu yetu alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa alipotembea mwendo huo.

Nikamwuliza shangazi kwa nini alificha karatasi ile miaka yote. Alinijibu pasipo hasira.

"Sikuificha kwa kuwa sikujua inasema nini, mwanangu. Baba aliniambia. Niliificha kwa sababu niliposwa mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na posa ikarudishwa. Wazee wa kule waliuliza, huyu Feruzi ni bin nani? Wakapata jibu lao. Wakasema si kufu yetu. Basi nikaapa binti wa nyumba hii hatarudishiwa posa tena. Nikawafundisha Ushirazi."

Sikuwa na neno. Nilikuwa nimeudhani Ushirazi wetu kuwa majivuno ya wazee, kumbe ulikuwa ua uliojengwa na mwanamke mmoja kuwazungushia wasichana waliokuja nyuma yake. Na ua huo ulifanya kazi. Dada zangu waliolewa, binti zao wameolewa, na hakuna aliyeuliza.

Shangazi alimwona Feruzi kwa macho yake. Alikuwa binti wa miaka saba mzee alipofariki, na kumbukumbu zake zilikuwa za mtoto, yaani chache na zisizosahaulika. Alikumbuka mikono ya mzee ilivyokuwa na makovu ya miiba, kwa sababu alijikomboa kwa kazi ya mkonge. Zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yalipoenea Tanga na Pangani yakawa na njaa ya vibarua wa kulipwa. Feruzi alikata mkonge siku alizoruhusiwa kujitafutia, akaweka rupia juu ya rupia, mpaka akamnunua mtu mmoja tu aliyeweza kumnunua, yaani yeye mwenyewe.

Nikauliza lile lililokuwa likinisumbua zaidi. Mtu akishajinunua, kwa nini aendelee kuitwa kwa jina la aliyemmiliki? Wako waliokuwa huru wakajibadilisha majina, na ilikuwa haki yao. Yeye alibakia Feruzi, akamrithisha mtoto wake.

"Alikuwa na mjoli wake," shangazi akasema.

Mjoli, kwa vijana wasiolijua neno hili, ni mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Alikuwa msichana mkubwa kidogo kuliko yeye. Walitoka Kilwa katika msafara mmoja, wakanunuliwa na mtu mmoja, na shambani msichana huyo ndiye aliyempikia, aliyemtoa funza miguuni na kumfunika usiku. Hawakuwa wa tumbo moja, wala lugha zao hazikuwa moja mwanzoni. Siku moja usiku wakachaguliwa baadhi ya watu, wakapakiwa jahazi la Pemba, naye akiwamo. Feruzi hakumwona tena. Tangu alipokuwa huru hata alipozeeka, kila jahazi lililotoka Pemba lilipotia nanga, alikwenda ufukoni akawauliza mabaharia habari za mwanamke fulani. Na alipoambiwa abadilishe jina, alisema: yule ananijua kwa jina hili. Akiniulizia Pangani aulizie nani?

Shangazi aliwahi kumwuliza, kwa utundu wa kitoto, mama yake kule bara alimwitaje. Mzee alimwambia kwamba jina lile alilikumbuka, lakini lilikuwa la mama yake, naye alimwachia huko huko. Hakulitaja kwa mtu yeyote.

Ndugu msomaji, nimeyatafakari maneno haya mara nyingi. Nilikuwa nikidhani kwamba kuujua mwanzo wa jina ni kumjua aliyelitoa. Kwa kipimo hicho jina letu lingekuwa la aibu, kwani lilitolewa na mtu aliyemnunua mtoto na kumwita kwa jina la kito chake. Lakini jina hili lilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza lilibandikwa. Mara ya pili lilishikwa kwa makusudi na mtu mzima aliye huru, aliyekwisha kulipa, ambaye angeweza kulitupa. Alilishika kama mtu anavyoacha taa dirishani kwa ajili ya aliyechelewa. Hilo la pili ndilo tulilorithi. Mwalimu wa shule aliyeliandika mwisho wa mstari hakujua anaandika nini, wala baba yangu aliyelitamka hakujua.

Mwaka mmoja baada ya shangazi kufariki, ukoo ulikutana kwa hitima yake, nami nikaomba ruhusa ya kusoma shajara niliyoiandika. Yeye mwenyewe alikuwa amenipa idhini kabla hajafa, kwa sharti moja, kwamba nikiandika alikuwa mtumwa niandike pia kwamba alilipa. Hawakuridhika wote. Ami yangu mmoja aliinuka akatoka nje. Mwingine aliniuliza, kwa uchungu wa haki, kama nimefikiria wajukuu wake wawili walio kwenye uchumba. Nilimjibu kwamba nimewafikiria, na kwamba nyumba itakayomrudisha binti yetu kwa sababu mzee wake alijikomboa kwa mikono yake ni nyumba ambayo mimi, kama ningeulizwa, nisingependa aingie. Hakunijibu. Hata hivyo uchumba mmoja uliendelea na mwingine ulivunjika, na ule uliovunjika sina hakika ulivunjwa na nini. Jambo hili lina gharama, wala sitamdanganya mtu kwamba kweli haina bei.

Kijana mmoja alipendekeza tulibadilishe jina la ukoo, tuchukue la Kinyasa. Tukamwuliza lipi, maana lile moja lililokuwa letu mzee alikataa kulisema. Mjadala ukaishia hapo.

Katika shajara, mstari wa juu kabisa sikuandika bin Abdallah, ingawa maalimu angali akilitaja katika dua na sina neno juu ya hilo, maana mbele ya Mungu sote ni wana wa mja wake. Niliandika: Feruzi, alizaliwa upande wa Ziwa Nyasa, alijikomboa Pangani. Na pembeni yake, mahali ambapo katika shajara nyingine huandikwa dada wa mtu, niliandika: mjoli wake, aliyepelekwa Pemba.

Kama wewe nawe una mzee nyumbani mwenye kasha, mwendee angali anasema. Usimwulize kwanza tumetoka wapi, kwa sababu swali hilo lina majibu yaliyokwisha kutayarishwa. Mwulize jina hili lilibakia kwa sababu gani, na ni nani aliyetakiwa alisikie. Kisha kaa kitako, na umwache anyamaze kadiri anavyotaka.